Nani Aseme Ndiyo? Miaka Sitini ya Kuwapandikiza Watoto Ini

Mama hajamaliza arobaini, macho ya mtoto yamegeuka manjano. Jirani wa kwanza kumwona atasema: mwanike jua la asubuhi, litaondoka. Bibi atasema hivyohivyo. Mara nyingi wote wawili watakuwa wamesema kweli, maana umanjano wa watoto wachanga walio wengi huisha ndani ya wiki mbili. Jua hupewa sifa kupita inavyostahili, hakuna aliyedhurika, maisha yanaendelea.

Lakini yupo mtoto ambaye jua halimsaidii kitu. Kwa mahesabu ya Ulaya na Marekani ni mmoja katika kila watoto 10,000 hadi 20,000. Taiwan na Japani wapo wengi zaidi. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka utumboni imeziba, imesinyaa ikawa kama uzi. Nyongo inakosa pa kupita, inalila ini lenyewe kama chumvi inavyokula bati. Mkojo unakoza kama chai ya rangi, choo kinapauka kikawa cheupe kama uji. Asipotibiwa, ni nadra avuke miaka miwili. Habari yote ya kupandikiza watoto ini ilianza na mtoto huyu, na hadi leo ndiye anayeongoza kwa wingi katika wodi za upandikizaji.

Wa kwanza kumtafutia njia alikuwa Morio Kasai, daktari wa upasuaji wa Sendai, Japani. Katikati ya miaka ya 1950 aliikata mirija iliyokufa, akauvuta utumbo mwembamba juu na kuushona kwenye mlango wa ini, nyongo ikapata pa kutokea. Aliandika matokeo yake mwaka 1959, kwa Kijapani, na kwa karibu miaka kumi wenzake wa Magharibi ama hawakumsoma ama hawakumwamini. Upasuaji wake ndio unaofanywa hata sasa. Una sharti moja: mtoto aletwe mapema, kabla hajatimiza siku 60. Na hata ukifaulu, wengi wao huja kuhitaji ini jingine mbele ya safari.

Hilo ini jingine lilijaribiwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, jimbo la Colorado. Watu hudhani majaribio makubwa ya tiba huanza kwa watu wazima, wanaoweza kusoma karatasi na kutia saini. Sivyo ilivyokuwa kwa ini. Mgonjwa wa kwanza duniani alikuwa mvulana wa miaka mitatu, mirija yake ya nyongo imeziba. Daktari wake, Thomas Starzl, alikuwa amefanya mazoezi ya miaka kwa mbwa. Ini la mgonjwa wa namna hiyo limezungukwa na mishipa iliyovimba, na damu yake imesahau kuganda. Mtoto alivuja damu mpaka akafia mezani.

Starzl alijaribu tena mwaka huohuo, kwa wengine wanne. Boston na Paris nao wakajaribu mmoja mmoja. Wagonjwa saba kwa jumla, na aliyeishi muda mrefu kuliko wote alifikisha siku 23. Kisha visu vikawekwa chini kwa zaidi ya miaka mitatu.

Sijui tuwaiteje madaktari hao. Ukiwaita mashujaa, utakuwa umeyaruka makaburi saba. Ukiwaita wauaji, utakuwa umesahau kwamba kila mmoja wa wagonjwa hao alikuwa anakufa, na hakukuwa na dawa nyingine. Starzl mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokiita The Puzzle People (1992), hakuficha hofu iliyokuwa ikimshika kabla ya kupasua. Ninachokiona mimi ni kingine. Mtoto wa miaka mitatu hajui jaribio ni nini. Aliyesema ndiyo ni mzazi, na mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe atakufa asipopasuliwa ana uhuru kiasi gani wa kusema hapana? Swali hilo lilizaliwa siku hiyo Denver, na miaka sitini baadaye halijapata jibu. Limebadilisha mavazi tu.

Starzl alirudi mezani Julai 1967. Safari hii mtoto wa kike mwenye saratani ya ini, hajatimiza miaka miwili, aliishi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya saratani kumrudia. Mwaka uliofuata Roy Calne alianza kupandikiza Cambridge, Uingereza, na mwaka huohuo wa 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza mtu ahesabiwe amekufa pindi ubongo wake unapokufa, hata kama moyo bado unapiga. Kabla ya hapo ilibidi moyo usimame kwanza, na ini lisilopata damu huanza kuharibika dakika hizohizo. Basi maana ya kifo yenyewe ikalazimika kuangaliwa upya, kwa sehemu kwa sababu kulikuwa na mtu kitanda cha pili anayesubiri.

Kwa miaka mingine kumi na zaidi wengi waliopandikizwa walikufa kabla ya kutimiza mwaka, maana mwili hulikataa ini la mgeni. Mkombozi alitoka kwenye udongo. Kuvu lililochukuliwa nyanda za juu za Hardangervidda, Norway, lilitoa dawa iliyoitwa siklosporini. Jean-François Borel na wenzake wa kampuni ya Sandoz, Basel, ndio waliogundua kuwa inashusha kinga ya mwili. Calne aliianza kwa wagonjwa mwaka 1978, Starzl akaipokea. Idadi ya waliofikisha mwaka ikapanda hadi kama 7 katika kila 10. Juni 1983 wataalamu waliokutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitamka kwamba kupandikiza ini si jaribio tena, ni tiba. Wengi walishangilia. Waliokuwa na watoto wagonjwa walielewa zaidi: sasa lipo ini la kupigania.

Na walikuwa wameshaanza kulipigania. Oktoba 1982 baba mmoja wa Massachusetts, mwenye binti wa miezi 11, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa watoto mjini New York akawaomba wamtafutie ini. Kamera zilikuwepo. Siku chache baadaye wazazi wa huko Utah, waliompoteza mtoto wao ajalini, walikumbuka uso waliouona kwenye runinga wakatoa ini lake. Uingereza, mwaka 1984, kipindi cha That's Life! cha BBC kilimweka hewani mtoto wa miaka miwili aliyehitaji ini, na taifa zima likaanza kuzungumza juu ya kutoa viungo; mtoto huyo aliishi mwaka mmoja na ushee. Rais Ronald Reagan naye alitumia hotuba yake ya redio, Julai 1983, kumwombea ini mtoto wa Texas.

Sisi tunaijua dunia hiyo. Tumeshapokea ile picha kwenye kundi la WhatsApp: mtoto mwenye mirija puani, namba ya simu ya kutuma mchango, jina la hospitali ya Delhi au Chennai. Kenya wana neno lao, harambee. Tanzania tunasema mchango tu. Picha huchagua. Mtoto mzuri wa sura, wa mzazi mwenye ulimi na watu wa kumsambazia, huchangiwa. Wa pili yake, mwenye ugonjwa uleule, hupita kimya. Marekani waliliona hilo mapema. Mwaka 1983 mbunge Al Gore aliitisha vikao kujadili nani apate kiungo na kwa kigezo gani. Mwaka huohuo akazuka huko Virginia daktari aliyekwisha kunyang'anywa leseni, akiwa na mpango wa kuwaleta maskini wa Ulimwengu wa Tatu wauze figo zao kwa Wamarekani. Maskini wa Ulimwengu wa Tatu, kwa Kiswahili chepesi, ni sisi. Oktoba 1984 ikapitishwa sheria iliyopiga marufuku kuuza na kununua viungo na kuunda foleni moja ya taifa.

Foleni haikumaliza ugomvi. Mwaka 1987 mvulana wa miaka saba kutoka Florida alipandikizwa mjini Pittsburgh ini la kwanza, likakataa, la pili, likakataa, la tatu. Reagan alikuwa amemchangia dola 1,000 za mfukoni. Mtoto akafariki. Ukimpa mmoja maini matatu, wawili waliokuwa nyuma yake umewaambia nini? Lakini nani aliye mezani, ameshika kisu, anamwangalia mtoto ambaye tayari ni mgonjwa wake, akaweza kusema: huyu inatosha?

Tatizo la foleni kwa watoto lilikuwa jingine pia, la kipimo cha mwili tu. Ini la mtu mzima halienei katika tumbo la mtoto wa kilo nane. Ilibidi afe mtoto mwenye umbo lile, na watoto wafao wakiwa na ini zima ni wachache, tunashukuru. Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Henri Bismuth alianza kulipunguza ini la mtu mzima likatosha kwa mtoto. Hannover, mwaka 1988, Rudolf Pichlmayr akaligawa moja likatumika kwa wagonjwa wawili. Hapo ndipo wazo lililokuwa likinong'onwa likasemwa kwa sauti. Ikiwa mtoto anahitaji kipande tu, na ini ndicho kiungo cha ndani kinachoota tena baada ya kukatwa, kwa nini kipande hicho kisitoke kwa mama?

Kiswahili kililijua hilo kwa njia yake. Uchungu mkubwa kwetu haukai moyoni peke yake, unakata maini.

Silvano Raia wa São Paulo, Brazil, alithubutu wa kwanza, Desemba 1988. Mtoaji alipona, mtoto akafa. Julai 1989, mjini Brisbane, Australia, Russell Strong alikata kipande cha ini la mama wa Kijapani akampandikiza mwanawe wa kiume, na mtoto akaishi. Huo ndio ushindi wa kwanza. Chicago, wakati huo, walikuwa wamefanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko upasuaji wenyewe: walitangulia kuandika kabla ya kukata. Agosti 1989 timu ya Christoph Broelsch, pamoja na wanamaadili akiwemo Mark Siegler, ilichapisha katika New England Journal of Medicine hoja zao zote juu ya kama ni halali kumpasua mtu mzima asiyeumwa, hatari zake, na namna ya kumlinda. Ridhaa isichukuliwe kwa kikao kimoja. Awepo daktari asiye wa timu ya upasuaji, kazi yake kumtetea mtoaji. Dunia ikasoma, ikabishana. Tarehe 27 Novemba ndipo walipompasua mama wa Texas kwa ajili ya binti yake wa miezi 21. Bandama ya mama ilijeruhiwa katikati ya kazi, ikabidi itolewe. Mtoto aliishi akawa mtu mzima.

Bandama ile inafaa kukumbukwa. Udaktari una amri ya zamani kuliko hospitali zote: usidhuru. Hapa daktari anamdhuru mtu mmoja kwa makusudi, kwa upendo, ili amwokoe mwingine. Kwa kipande kidogo cha kushoto, kile wanachopewa watoto wadogo, hatari ya mtoaji kufa hukadiriwa kuwa kama 1 katika 1,000. Namba ndogo, mpaka iwe na jina. Mei 2003, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, mama aliyempa binti yake sehemu ya ini alifariki, kifo cha kwanza cha mtoaji nchini Japani, nchi iliyokuwa imeshafanya upasuaji wa aina hiyo kwa maelfu.

Na Japani ilifika kwenye maelfu hayo kwa sababu yake. Mwaka 1968 daktari Juro Wada wa Sapporo alipandikiza moyo, kisha akashukiwa kwamba yule aliyetolewa moyo hakuwa amekufa kweli. Aliponea kushtakiwa, lakini imani ya watu ilikufa. Sheria ya kukubali kifo cha ubongo haikuja hadi 1997, na hata hapo haikumruhusu aliye chini ya miaka 15 kutolewa viungo. Mlango huo ulifunguliwa Julai 2010. Miaka yote hiyo mtoto wa Kijapani aliyehitaji ini alikuwa na njia mbili: kusafirishwa ng'ambo kwa michango, au mzazi kulala kitandani. Wazazi wakalala. Kosa la hospitali moja, miaka ishirini kabla, lililipwa kwa maini ya mama na baba wasiohusika nalo.

Kuna jambo ambalo madaktari wa upandikizaji hawapendi kulizungumza hadharani, nami naliona ni la heshima. Mzazi akiitwa peke yake, mlango umefungwa, akanong'ona kwamba anaogopa, hataki, timu nyingi humpa njia ya kutokea: ukoo huambiwa kwamba vipimo havikukubali. Ukweli haukusemwa wote. Lakini fikiria mama huyo akirudi ukweni na ukweli mkononi. Shangazi zake mtoto wangemwita nani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, na methali hiyohiyo ndiyo kamba anayofungwa nayo mwanamke asiye na sauti mbele ya mumewe na mawifi. India, wengi wa watoaji hai ni wanawake. Sidhani ni kwa sababu maini ya wanaume ni mabaya.

Mwaka 2015, Kingston, Ontario, baba mmoja wa Kanada alijikuta kwenye kona mbaya kuliko hiyo. Yeye na mkewe walikuwa wamewaasili mapacha wa kike kutoka Vietnam, wote wawili wana ugonjwa wa kurithi unaoharibu ini. Baba alifaa kutoa. Ila mtu ana ini moja, na kipande salama ni kimoja. Wazazi walikataa kuchagua, wakawaachia madaktari waamue nani anahitaji zaidi. Mmoja akapewa Februari. Wa pili akasubiri hadi Aprili, alipojitokeza mtu asiyetaka kutajwa akatoa chake. Nimewahi kuwauliza wazazi watatu ninaowafahamu wangefanyaje. Wawili walinyamaza. Wa tatu alikasirika kwamba nimemuuliza.

Mahakama nazo zimeingizwa humu. Kesi ninayoirudia mara kwa mara ni ya Uingereza, ya mwaka 1996. Mtoto wa kiume, mirija ya nyongo imeziba, upasuaji wa Kasai umeshindikana. Madaktari wote wanasema akipandikizwa ana nafasi nzuri. Asipopandikizwa hatavuka miaka miwili na nusu. Wazazi ni wahudumu wa afya waliobobea kwa watoto wagonjwa, wanayajua haya kuliko mimi na wewe. Wakasema hapana. Mama aliona mateso ya upasuaji wa kwanza, hakutaka kumwongezea. Walikuwa wamehamia nchi ya mbali kikazi. Mahakama Kuu ikaamuru mtoto arudishwe apandikizwe. Oktoba 1996 Mahakama ya Rufani, Jaji Butler-Sloss akiwemo, ikaitengua amri hiyo: ustawi wa mtoto huyu umefungamana na mama yake, na mama ndiye atakayemlea maisha yote baada ya kisu, haifai kumlazimisha.

Nimeisoma hukumu hiyo na sijaacha kubishana nayo. Upande mmoja naona majaji wamesema kweli ambayo wanasheria wengi hawaijui: kupandikiza hakuishi siku ya kushonwa. Kuna dawa kila siku, vipimo, homa za usiku wa manane, na ini lililoshonwa kwa mtoto ambaye mama yake hakuridhika ni mzigo wa miaka. Upande wa pili, mtoto yule hakuwa mkono wala mguu wa mama yake. Alikuwa mtu. Wangekuwa wazazi wasio na elimu, wa mtaa wa maskini, wanaosema hapana kwa sababu ya imani au uchovu, je, mahakama ingewasikiliza hivyo? Naamini isingewasikiliza. Hilo ndilo linalonifanya niihesabu hukumu ile kuwa ilikosea, pamoja na hekima yake yote.

Na mtoto akikua, akapata ulimi wake? Mwaka 1994 kijana wa miaka 15 wa Florida, mwenye ini la pili, alikuwa ameacha dawa kwa hiari yake. Zilikuwa zinamuumiza kichwa, zinamnyima usingizi, akasema afadhali miezi michache ya kuishi kama watu. Maofisa wa ustawi wa jamii walimchukua kwao kwa nguvu wakampeleka hospitali Miami. Jaji akamsikiliza, akamruhusu arudi nyumbani. Alifariki Agosti mwaka huohuo. Katika historia hii yote ndiye mtoto wa nadra aliyeulizwa, akajibu, na jibu lake likafuatwa.

Mwaka mmoja kabla yake, Pittsburgh ilikuwa imempandikiza binti wa Kiingereza wa miaka mitano viungo saba kwa mpigo. Alifariki Novemba 1993, na Waingereza wakagombana magazetini kama ile ilikuwa tiba au ubishi wa madaktari na kifo.

Halafu kuna pesa. Mwaka 1987 bunge la jimbo la Oregon liliacha kuwalipia maskini upandikizaji wa moyo, ini, kongosho na uloto. Hesabu yao ilikuwa wazi: fedha za kuwapandikiza watu kama 30 zingehudumia kliniki ya wajawazito 1,500. Kabla mwaka haujaisha mvulana wa miaka saba aliyehitaji uloto akafa familia yake ikiwa bado inachangisha, na jimbo zima likatukanwa. Ningependa kujiunga na wanaotukana. Lakini mimi ni wa nchi ambayo kinamama wamewahi kujifungulia sakafuni, na hesabu ya Oregon siwezi kuicheka. Wizara zetu zinaipiga kila bajeti, bila kamera.

Afrika ina sura yake katika historia hii, na si ya kuombaomba. Mwaka 2017, Johannesburg, katika Kituo cha Tiba cha Wits Donald Gordon, mtoto mdogo alikuwa amesubiri ini siku 181, wakati wastani pale ulikuwa siku 49. Hali ilikuwa imefika ukingoni. Mama aliomba atoe lake, akaomba tena, akaomba tena. Alikuwa anaishi na VVU, anatumia dawa za kufubaza virusi vizuri. Mtoto hakuwa na maambukizi. Desturi ya dunia nzima ilisema hapana, ingawa sheria ya Afrika Kusini haikukataza. Tangu lini daktari akachukua kiungo chenye virusi akakishona kwa mtoto asiye navyo, macho yake yakiwa wazi?

Timu ya daktari Jean Botha ilipeleka suala kwenye kamati ya maadili ya chuo kikuu. Wazazi waliambiwa wachukulie kwamba mtoto anaweza kuambukizwa. Mtoto akaanzishiwa dawa kabla ya kisu. Na mizani ikasomwa hivi: VVU leo ni ugonjwa wa kidonge kimoja kwa siku, ini lililokufa halina kidonge. Mwaka 2018 waliporipoti kwenye jarida la AIDS, mama na mtoto walikuwa wazima, na zaidi ya mwaka baada ya upasuaji virusi havikuonekana katika damu ya mtoto, ingawa kingamwili zilijitokeza siku ya 43 kisha zikapungua. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Boston au Cambridge wasingelifikia swali hilo, kwa sababu hawana akina mama wengi wa namna hiyo. Lilihitaji bara hili.

Lakini kwa mtoto wa Tanga, Kisumu au Bujumbura, ini bado liko India. Kule upandikizaji wa kwanza wa mtoto uliofaulu ulifanyika Novemba 1998, hospitali ya Apollo, Delhi: mtoto wa miezi 20, kipande kikatoka kwa baba. Alikua, akasomea udaktari. Tangu hapo India imekuwa neno la matumaini kwa wagonjwa wetu wa ini, kama ilivyokuwa kwa moyo na figo. Tanzania ilipandikiza figo yake ya kwanza Muhimbili, Novemba 2017, kwa msaada wa madaktari wa Delhi. Ini ni mlima mrefu kuliko huo.

Safari yenyewe ina masharti ambayo picha ya WhatsApp haiyasemi. Sheria ya India ya 1994 hairuhusu kununua ini kwa mtu baki, na mgeni haruhusiwi kupewa kiungo na Mhindi aliye hai asiye jamaa yake wa karibu. Kwa hiyo mtoaji anatoka nyumbani: baba, mama, ndugu, na tangu marekebisho ya 2011 hata bibi na babu. Undugu uthibitishwe kwa vyeti na barua ya ubalozi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaanzia hapo. Mama akifaa kwa kundi la damu, apimwe homa ya ini aina ya B, ambayo kwetu si ngeni. Akilala yeye na mtoto akalala, anatakiwa mtu wa tatu wa kuwauguza, miezi miwili au mitatu ugenini. Walioachwa nyumbani nani anawapikia? Kisha warudi, na dawa ya kushusha kinga iendelee maisha yote. Harambee hulipia upasuaji. Sijawahi kuona harambee ya dawa za mwaka wa sita.

Wapo madaktari wetu wanaomwambia mzazi mapema, kwa upole, kwamba huenda njia iliyobaki ni tiba shufaa: kumpunguzia mtoto muwasho na maumivu, arudi akalale kwa bibi yake. Wengine hawathubutu, wanaandika rufaa wanayojua haitatimia. Kama ningekuwa mzazi ningemtaka yule wa kwanza.

Na bado ipo njia ya Kasai, isiyohitaji India, ikiwa tu mtoto atafika kwa daktari wa upasuaji ndani ya siku 60. Taiwan walianza mwaka 2002 kuwapa akina mama kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto, mwaka 2004 ikaingia kwenye kitabu cha kliniki nchi nzima, na watoto wakaanza kuletwa mapema zaidi. Karatasi na wino. Sisi mtoto analetwa ana miezi minne au mitano, tumbo limejaa, kwa sababu kila aliyemwona alisema jua.

Kwa hiyo wewe unayelea mchanga, au unayemtembelea mzazi: ukimbadilisha nepi, tazama rangi. Choo cheupe au kilichopauka, ama umanjano uliovuka wiki mbili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, uombe apimwe damu kujua umanjano ni wa aina gani. Wakikuambia umwanike juani, omba kipimo tena.